Projekti yangu ya fomu foo na swali la ami wa mkokoteni

Nlipokuwa fomu foo nlipewa kazi ya kuwakilisha projekti ya shule kwa kongamano la sayansi, na wallahi si kwamba nlikuwa hodari, mwenzangu ndo alikuwa na kichwa cha fizikia, akahama shule wiki mbili kabla nkabaki mimi na sanduku.

Sanduku lenyewe ni la kugeuza maji ya chumvi kuwa matamu kwa jua. Wa Mombasa mnajua, maji ya mfereji yatoka mbali huko Mzima na Baricho, siku yakikatika mwabaki na ya kisima, na ya kisima chetu hapa Kibokoni ukipikia chai utadhani mtu kakosea mkebe wa sukari. Ndani limepakwa rangi nyeusi ili lishike joto, juu kioo kimelazwa mshazari, maji yakipata jua yapanda mvuke, yaganda kwa kioo matone matone, yateremka hadi kwa kijibomba cha pembeni, chumvi yabaki chini. Hakuna uchawi.

Mimi nkaandika kurasa nne za Kiingereza nkaanza kukariri. Mwalimu akanisimamisha lebu nifanye prezentesheni, sentensi ya tatu nkakwama, nkarudi mwanzo, nkakwama palepale.

Sasa jioni moja niko barazani nakariri, ami anayetuletea maji kwa mkokoteni kakaa kupumzika, akaniuliza wasoma nini hivyo kama watoa pepo. Nkamweleza kwa Kiswahili, na ajabu yalitoka yote bila karatasi. Akasikiza mpaka mwisho halafu akauliza, "Haya, na kwa siku latoa mitungi mingapi?"

Nkanyamaza. Kurasa nne zote zile na sikuwa nimepima hata siku moja!

Kesho yake nkaanza kupima, siku tano mfululizo, natega chupa ya soda ya nusu lita. Siku za jua kali yajaa karibu shingoni, siku ya mawingu haikufika hata nusu. Kumwambia ami akacheka mpaka akashika mkokoteni, "Mtungi wa lita 20 siku 40! Basi kazi yangu iko salama."

Nkatupa zile kurasa. Kwa manila pepa nkaandika NUSU LITA kwa herufi kubwa na hesabu chini yake: kioo changu ni robo mita ya mraba, kwa hivyo nyumba ikitaka lita 10 za kunywa kwa siku yahitaji mita tano za mraba. Nkawa naeleza kwanza kwa Kiswahili mbele ya ndugu zangu, halafu ndo nageuza Kiingereza, na nikisahau neno natafuta jengine, simu iko hapo yanihesabia dakika.

Siku yenyewe nlienda na tuktuk nimelipakata sanduku kama mtoto mchanga. Jaji wa kwanza swali lake likawa latoa maji kiasi gani, nusura nicheke. Wa pili akauliza ile chumvi inayobaki utaipeleka wapi, hapo sikuwa na jibu nkasema kweli sijafikiria, akaandika kitu.

Tulifika kaunti tukaishia hapo. Sanduku liko juu ya nyumba hadi leo, nyanyangu aanikia maembe ya achari, asema yakauka haraka kuliko kwa ungo na kunguru hawayafikii.