Jana darasa lilihamia matopeni

Shule yetu ndogo. Kidato cha pili wako kumi na tisa tu, kwa hivyo jana niliwatoa wote tukateremka mikokoni, ukingoni mwa hori ya Tudor, hapa Mombasa.

Nilikuwa nimejiandaa kufundisha chumvi na mizizi. Mvuvi mmoja, babu ya mwanafunzi wangu, akanipokonya somo. “Mwalimu, huu mchu, ule ndio mkoko. Usiwachanganyie watoto.” Akachuma kile kijiti kirefu cha kijani kinachoning’inia mkokoni, akakiangusha. Kikazama topeni, kikasimama wima kama msumari. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti! Nimeichora ubaoni miaka sita, sijawahi kuishika.

Akauliza kuhusu bamvua. Msichana asiyefungua kinywa darasani (kwao wana mtumbwi) akaeleza kwa nini maji hujaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: jua na mwezi huvuta pamoja. Wenzake kimya. Na mimi pia, kusema kweli.

Kiatu changu kimoja kimebaki kule. Ijumaa babu anakuja shuleni. Nimemwahidi kahawa chungu na kashata.