Bhutan, mwaka 2008

Mwaka 2008 nilifuatilia habari za Bhutan, ufalme mdogo katika milima ya Himalaya, kwa hamu iliyowashangaza hata jamaa zangu, kwa kuwa ni nadra kusikia wananchi wakisita kupokea madaraka ambayo mfalme mwenyewe anawasihi wayachukue. Tarehe 24 Machi walichagua Bunge la Taifa kwa mara ya kwanza, na chama cha Jigme Thinley kikazoa viti 45 kati ya 47, huku kiongozi wa chama cha pili, Sangay Ngedup, ambaye ni mjomba wa mfalme, akiangushwa jimboni kwake. Katiba ilitiwa saini Julai 18, nayo inamtaka mfalme ang'atuke akifikisha miaka 65. Kisha Novemba 6, mjini Thimphu, Jigme Singye Wangchuck, ambaye alikuwa ameshaachia kiti cha enzi tangu Desemba 2006, alimvisha mwanawe mwenye umri wa miaka 28 taji la hariri lenye kichwa cha kunguru juu yake. Baba mwenyewe alikuwa na miaka 52 tu! Hata hivyo, furaha yangu ilikuwa na dosari: maelfu ya Wabhutan wenye asili ya Kinepali walikuwa bado katika kambi za wakimbizi nchini Nepal, na kura ile haikuwahusu.