Bima inayohesabu majani, si mizoga: nilivyoizoea Tana River

Nina duka la dawa za mifugo Garsen, kaunti ya Tana River hapa Kenya, na nina ng'ombe ambao kusema kweli ni wa ukoo: wangu, wa mama, na wa mjomba wangu ambaye ndiye anayewachunga. Wateja wakija kununua dawa ya minyoo hawakosi kuniuliza habari za bima ya mifugo ya ukame, kwa kuwa wanajua nimekuwa nayo tangu kabla ya ule ukame wa misimu mitano ulioanza na vuli ya 2020. Wengi wamesikia maneno yanayopingana. Eti kuna waliotumiwa pesa ilhali ng'ombe wao wote wako hai, na kuna waliopoteza zizi zima wasione hata shilingi. Yote mawili ni kweli, na kabla hujaelewa ni kwa nini, usilipe ada ya mtu.

Kampuni ya bima haitumi mtu kuja kuhesabu mizoga. Kumtoa mkaguzi Nairobi mpaka kwenye boma lililo ndani kabisa, barabara zenyewe hizi, kunagharimu kuliko mbuzi anayekuja kumkagua. Tena mwenye bima ya mnyama mmoja mmoja anaweza kumwacha afe makusudi. Ndiyo sababu bima za kawaida za mifugo hazikuwahi kufika huku kwetu. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani, wakatafuta njia nyingine, na Januari 2010 bima hiyo ikaanza kuuzwa Marsabit. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, baada ya ukame mkali wa mwaka huo.

Njia yenyewe ni kupima ukijani wa nchi kutoka angani. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine, infraredi, ambao jicho la mtu halioni. Likikauka, mambo hubadilika, na setilaiti huona tofauti. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na setilaiti mbili za Wamarekani, Terra iliyorushwa 1999 na Aqua iliyorushwa 2002, zinazokata ardhi katika vipande vya mita 250 kwa 250. Mawingu yakifunika, huchukuliwa picha za siku kadhaa na kubakizwa ile iliyoona vizuri zaidi. Kisha vipande vyote vya eneo la bima hupatiwa wastani, na wastani huo hulinganishwa na misimu kama huo ya miaka iliyopita. Katika mkataba wangu, ukijani ukishuka hadi kiwango cha ule mwaka mmoja mbaya kati ya mitano, malipo huanza, na kadiri unavyozidi kushuka ndivyo pesa zinavyoongezeka.

Kwa upande wa kampuni faida ni kubwa, na sioni ubaya wa kulisema hilo. Ina kumbukumbu za miaka mingi za kupangia bei. Ukame ukija huua mifugo ya kaunti nzima kwa pamoja, mzigo ambao kampuni moja ya Nairobi haiwezi kuubeba, kwa hiyo nayo hujikatia bima kwa makampuni makubwa zaidi, mengine ya Ulaya. Hao wa Ulaya hawamjui mjomba wangu wala chifu wake. Wanaamini takwimu ambazo hakuna mtu wa huku anayeweza kuzichezea.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona ndilo lililonifaa kuliko yote, nalo ni eneo la bima. Wakala alipokuja dukani na fomu zake alianza kuandika Garsen, maana ndipo ninapolala na kitambulisho changu ndivyo kinavyosema. Nikamwambia ngoja kwanza, nionyeshe ramani. Alikuwa nayo kwenye simu, kaunti imegawanywa vipande vipande, kila kimoja na kipimo chake.

Mtu wa Tana anajua mifugo haikai mahali pamoja. Mvua zikinyesha, ng'ombe huondoka delta ya mto Tana, maana kuna tope, mbu na mbung'o, wakaenda kula majani mapya ya huko nyika. Kiangazi kikikaza ndipo hurudi mtoni. Setilaiti inapima miezi ya mvua, masika na vuli, na miezi hiyo wanyama wetu hawako Garsen. Isitoshe, delta hunyweshwa na mto unaotoka mlima Kenya na Aberdare. Mvua ikinyesha huko juu, huku chini kunaweza kuonekana kijani hata kama nyika nzima imekuwa vumbi. Mtu akiandikisha ng'ombe wake delta, setilaiti itaona malisho ya mtoni yaliyostawi na kusema hakuna njaa, wakati ng'ombe wanaanguka huko walikokwenda. Nikamwita mjomba, akakaa na wakala, akamwonyesha kwa majina ya mabwawa na visima wapi tunalisha masika na wapi vuli. Tukaandikisha kipande hicho cha nyika. Wakala mwenyewe alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo, jambo lililonishangaza kidogo, kwa kuwa ndilo la kwanza ambalo mchungaji angeuliza.

Mjomba hakuwa na tatizo na setilaiti. Mtu aliyezoea kusoma nyota za mvua hatishwi na chombo kinachopita juu. Tatizo lake lilikuwa dini. "Mpwa wangu, unatoa pesa kununua kitu gani? Ukame usipokuja zimekwenda wapi?" Swali zuri, na halikuwa lake peke yake. Wajir liliulizwa mapema zaidi, na mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikaanza kuuza huko bima hiyo hiyo ya majani kwa utaratibu wa takafuli, yaani bima ya kufuata sheria ya Kiislamu: mchango wa kila mtu huhesabiwa kuwa ni tabaruu, kitu kilichotolewa kwa hiari kwa ajili ya kusaidiana, huwekwa katika mfuko wa wanachama, na kampuni huchukua ujira wake wa uwakala unaojulikana. Tulikwenda kwa shekhe tunayemwamini, akausoma mkataba wa namna hiyo, akauliza mifuko inavyotenganishwa, na kwa upande wetu yakaishia hapo.

Kuhusu ada, dirisha la kununua hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, Januari na Februari kabla ya masika, Agosti na Septemba kabla ya vuli. Likifungwa limefungwa, na ndivyo inavyopasa, maana mawingu yakishaonekana au yakishakosekana kila mtu angejua la kufanya. Ugumu ni kwamba mfugaji ana mali lakini mara nyingi hana pesa mkononi. Miaka ile Idi ya kuchinja iliangukia Julai, mbuzi wana bei, kwa hiyo tuliuza beberu kadhaa tukaweka kando ada ya Agosti. Bima nazo huhesabiwa kwa kipimo kimoja: ng'ombe ni moja, ngamia ni moja na nukta nne, mbuzi au kondoo kumi ndio moja. Sisi hatukuwakatia wote. Tulikata bima ya majike wanaozaa tu, kwa sababu zizi likibaki na majike litajaa tena, na madume ni wa kuuza hata hivyo.

Ukame ulipoanza, nilijifunza kuifuatilia hali ya malisho mwenyewe badala ya kungoja simu ya wakala. NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabili ukame, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, na ndani yake kuna namba ya hali ya uoto, VCI, inayotokana na setilaiti. Chini ya 35 ni ukame wa wastani, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni wa kupindukia. Namba hiyo si ile ya mkataba wangu, lakini ni jamaa yake wa karibu. Nilikuwa naipakua kwenye simu na kumsomea mjomba. Naye ananiambia alichoona huko: majani yamefika wapi, maziwa yamepungua kiasi gani. Mara nyingi walikubaliana, yeye na setilaiti.

Pesa ziliingia kwa M-Pesa mwisho wa msimu, ng'ombe bado wamesimama. Hapa ndipo maneno ya watu yanapoanzia, na hapa ndipo ninapoisifu bima hii. Mikataba ya mwanzo kule Marsabit ilikisia vifo, ikilipa kwa kadirio la wanyama waliokwisha kufa. Baadaye ilibadilishwa ilipe mapema, malisho yanapopotea, ili mtu aokoe mnyama. Mpango wa serikali ulioanza 2015 Turkana na Wajir, ambao uliwalipia ada kaya maskini kwa wanyama wasiozidi kipimo cha tano, ulifuata njia hiyo. Februari 2017 ulitangaza malipo ya zaidi ya shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita, ikiwemo yetu. Ukigawanya utaona kila kaya ilipata kiasi gani: pesa hizo hazinunui zizi jipya. Zinanunua chakula cha wanyama wachache kwa muda.

Kwa hiyo tulifanya hesabu ya wachache hao. Mjomba alichagua wenye mimba na wanaonyonyesha, wasiozidi wale ambao pesa zingeweza kuwalisha mpaka mvua. Wazee na madume tuliwapeleka soko la Garissa mapema, kabla bei haijaanguka. Kuna ubishi mkubwa ulikuwa hapo, maana kuuza ng'ombe kwa bei ndogo leo ili usimpoteze bure kesho hakumjii mchungaji kwa urahisi, na mimi sikuwa na haki ya kumlazimisha mtu mwenye mvi. Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Tukanunua mabua ya mahindi kutoka skimu za umwagiliaji, majani makavu ya mpunga kutoka delta, na chumvi na dawa kutoka dukani kwangu kwa bei ya kununulia. Tulipoteza ng'ombe, ndiyo. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili katika ukame ule. Lakini majike tuliowachagua wengi walivuka.

Shangazi yangu hakupata zake kwa wakati, kwa sababu nambari ya simu aliyoandikisha ilikuwa kwa jina la mjukuu aliye Malindi. Ilibidi mjukuu asafiri. Tangu hapo, mtu akija dukani kuuliza, la kwanza ninalomwambia ni kwamba laini ya simu na kitambulisho viwe na jina moja.

Kuna jambo ambalo halijanyooka. Huku kwetu, hasa kuelekea Hola na Bura, mathenge imeteka ardhi. Mizizi yake huchimba chini sana na mti hubaki kijani kiangazi chote, miiba mitupu, na ng'ombe hawali majani yake. Setilaiti haiulizi jani linalika au haliliki. Inaona kijani, basi. Eneo likijaa mathenge, wastani hupanda, na malipo huweza kupungua au kukosekana kabisa. Wenzetu kadhaa waliopakana na vichaka hivyo waliambulia kidogo sana msimu ambao sisi tulilipwa vizuri.

Kampuni ilisema mashine haikosei. Hapo sikukubali, na nina mfano. Mwaka 2016 Malawi ilikuwa na bima ya ukame ya nchi nzima kwa African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika. Watu milioni kadhaa walikuwa na njaa, na kompyuta ikasema hakuna cha kulipa. Walipokagua, wakakuta mfumo ulidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, ya siku 120 hadi 140, wakati wengi walikuwa wameshahamia ya siku 90, ambayo mvua iliyakatikia pabaya. Wakarekebisha, na Malawi ikalipwa dola milioni 8.1. Mashine ilifanya hesabu sawasawa juu ya jambo ambalo binadamu aliiambia vibaya. Nilimweleza hayo ofisa aliyekuja kwenye mkutano wetu, na sasa vijana wa kijiji wanatembea na simu wakirekodi mahali vichaka vya mathenge vilipo, kwa nukta za ramani, ili vipande hivyo vitolewe kwenye wastani. Kutoa kipande ni kazi inayowezekana. Vipande vya mashamba na misitu huondolewa vivyo hivyo.

Na mafuriko? Novemba 2023 mvua za El Niño zilipofika baada ya kiu yote ile, na tena Aprili na Mei 2024, mto ulimeza malisho na mbuzi waliodhoofika wakafa kwa baridi. Hakuna aliyelipwa kwa bima ya majani, na mkataba haukuwahi kuahidi hilo. Nchi ilikuwa kijani kabisa. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, huona maji hata usiku na chini ya mawingu, kwa hiyo bima ya mafuriko inayopimwa kutoka angani inawezekana kitaalamu. Mimi sijauziwa bado. Ikija nitauliza kwanza ramani imekatwaje, kwa sababu Garsen maji hayafiki kila boma kwa siku moja.

Agosti tunaandikisha majike tena, kipande kile kile cha nyika. Mbuzi tumewaacha nje ya bima kwa sasa. Wao hula hata vijiti, huzaa upesi, na ada yao afadhali niinunulie chanjo.