Kipandikizi cha kokilea: kazi yenyewe huanza kikishawashwa

"Akishapasuliwa ataongea tu." Laiti ningelijua aliyebuni maneno haya! Kipandikizi, kifaa kinachomwezesha kiziwi kusikia, huwashwa wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji, na umri wa kusikia unaanza kuhesabiwa hapo. Aliyewashiwa akiwa na miaka 2, akifika 3 usimlinganishe na wenzake; masikio yake yana mwaka 1.

Kwa mtoto wetu kilichozaa matunda ni saa za kuvaa: muda wote akiwa macho, zisipungue 10. Prosesa, ile sehemu ya nje inayovaliwa, huzirekodi, kwa hiyo mtaalamu hadanganyiki. Koili, kile kisahani kinachoshikwa kichwani kwa sumaku, ikidondokadondoka, usikimbilie sumaku kali, itamchubua ngozi. Kofia nyepesi ya wavu ilimaliza ugomvi. Usiku, kila kitu kwenye kopo la kukaushia unyevu.

Kila asubuhi nilimpima kwa sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Niliambiwa nizibe mdomo kwa kiganja asinisome midomo. Ushauri mbovu! Kiganja humeza s na sh, ukadhani kifaa kimekufa. Kaa nyuma yake, mita 1, kisha 3. Wala usitoe sauti kwa mwendo uleule. Mtoto mjanja hushika mapigo akajibu bila kusikia chochote. Nilikuwa nanyamaza makusudi, kimya kirefu kabisa. Akijibu wakati wa kimya hicho, nimemnasa! Na airudie sauti yenyewe, kuinua mkono hakutoshi. S ikipotea peke yake, badilisha kwanza kinga ya maikrofoni: jasho na vumbi huanza kula sauti nyembamba.

Leo anaongea kwenye simu na kubishana hadi tunachoka. Penye makelele bado anahangaika, na kinachomponyoka zaidi ni mwanzo wa neno, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kitabu na vitabu, anapika na unapika. Nilichora kadi za jozi kama hizo, nikawasha redio kwa sauti ya chini, nikamtaka aokote picha niliyotaja. Tulipandisha redio kidogokidogo. Darasani mwalimu huvaa maikrofoni ndogo inayotuma sauti moja kwa moja kwenye prosesa; bila hiyo, kiti cha mbele hakitoshi.

Wageni bado humpigia kelele. Prosesa huibana sauti kubwa, kwa hiyo wanajichosha bure. Sogea karibu, sema kawaida.