Fundi cherehani aliyenisaidia kufundisha tamthilia

Kwa miaka mingi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliandika yaleyale kila nilipowauliza sifa za mhusika: jasiri, ana busara, ana mapenzi ya dhati. Ukimuuliza mtu amejuaje, jibu ni kwamba iko kwenye madesa. Iliniuma, maana tamthilia haina msimulizi wa kukunong'oneza kuwa huyu mwongo. Una maneno ya wahusika na matendo yao, basi.

Siku moja nikawaita mbele wawili. Mmoja fundi cherehani, mwingine mteja aliyefuata gauni lake siku mbili kabla ya Idi.

"Fundi, gauni langu?"

"Vimebaki vifungo tu, dada. Pita jioni."

"Hata jana ulisema vifungo."

"Jana umeme ulikatika, dada'angu."

Mteja akaondoka. Darasa zima likaandika "mwongo". Nikamwambia fundi abaki peke yake, aseme yaliyo moyoni. Alinyamaza kidogo, akatazama mikono yake. "Hata mkasi sijautia. Hela yake nimelipia ada ya mtoto. Nitamtazamaje?"

Nikauliza upya. Msichana wa nyuma akasema, "Mwalimu, anaona aibu. Ndiyo maana kila akidanganya anaweka 'dada'." Hiyo "dada" hata mimi ilikuwa imenipita.

Ndipo tukafungua Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza 1963. Onyesho la kwanza la tendo la pili lina yote mawili: mtu akisema peke yake, na mtu akimficha mwenzake. Usiku, Brutus, rafiki wa Kaizari anayeshawishiwa ashiriki kumuua, yuko peke yake bustanini. Anakiri kwamba yeye binafsi hana kisa na Kaizari. Anahofia tu atakavyobadilika akivishwa taji. Baadaye, usiku huohuo, mkewe Portia anamuuliza kinachomsumbua, naye anasema anaumwa. Portia hakubali. Anamkumbusha alivyoinuka ghafla wakati wa chakula cha jioni, akawa anatembea huku na huku akishusha pumzi.

Wakagawa ukurasa kwa mstari: kushoto anachojiambia, kulia anachomwambia mkewe. Nilitarajia waseme kushoto kuna ukweli na kulia kuna uongo, na wengi walisema hivyo. Mvulana mmoja akakataa. Alionyesha kwamba Brutus anaanza kwa kuamua kuwa Kaizari lazima afe, halafu ndipo anatafuta sababu. "Mwalimu, hata hapa peke yake anajibembeleza." Tulibishana hadi kengele ikalia, na sikutaka kuwakatisha, kwa sababu uzungumzi nafsia, yaani mhusika kusema peke yake yaliyo moyoni, mara nyingi hufundishwa kana kwamba mtu akiwa peke yake hawezi kujidanganya.

Tangu hapo sikubali sifa yoyote bila maneno ya mhusika yenyewe, na aliyekuwa akimwambia. Wiki ijayo yule fundi anarudi nyumbani, na mkewe anamuuliza ada ilitoka wapi. Wameshaanza kuandika.