Nilivyoandaa mpango wa dijitali wa huduma kwa jamii chuoni kwetu Mombasa

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa teknolojia wa kitengo chetu cha huduma kwa jamii, tayari palikuwa na makadirio ya bei ya kutengeneza programu ya simu. Niliomba tuyaweke kando kwanza. Tunafundisha wavuvi, kina mama wa vyama vya akiba na wanafunzi wa sekondari, na hakuna aliyekuwa amewauliza wana simu gani.

Basi nikavuka feri hadi Mtongwe, kisha nikazunguka Kisauni na Jomvu. Kila nilipokaa niliuliza mambo mawili: simu hii ni ya nani, na huwa mkononi mwako saa ngapi? Mama mmoja wa Mtongwe alinitolea kabambe, simu ndogo ya vitufe, iliyofungwa mpira ili betri isichomoke.

"Hii tunaitumia nyumba nzima, mwanangu. Mimi naipata baada ya Isha."

Jibu hilo ndilo lililoongoza mpango wote. Ikiwa simu ni ya nyumba nzima, ujumbe wa uzazi wa mpango utasomwa na mtoto au shemeji kabla ya mwenyewe. Masomo ya afya nikayaacha kwa mikutano ya ana kwa ana, SMS ikabaki ya ratiba na vikumbusho, nayo hutumwa usiku. Daftari letu jipya lina safu ya saa inayomfaa kila mtu. Kabla ya hapo kila idara ilikuwa na orodha yake ya washiriki. Tuliziunganisha, tukaomba ridhaa upya kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18 tukawaendea wazazi au walezi.

SMS ina adabu yake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, ukizidi unalipia wa pili. Niliketi na mzee mmoja nahodha tukipunguza tangazo la mafunzo ya usalama baharini. Mimi nilikuwa nimeanza na "Chuo kinapenda kuwaarifu". Akaniambia, "Mwalimu, anza na siku na mahali. Salamu tutapeana tukifika." Ndivyo tunavyoandika hadi leo.

Ni yeye pia aliyenieleza kwa nini madarasa ya wavuvi yalikuwa matupu. Tulifuata muhula wa chuo, ilhali wao hufuata upepo: kusi inapochafua bahari katikati ya mwaka, vyombo vidogo vingi hukaa ufukoni na watu wana nafasi. Masomo yao tukayahamishia msimu huo. Hapakuhitajika kifaa chochote, lakini niliiandika katika mpango wa teknolojia kwa sababu mfumo wa usajili lazima ukubali muhula usiolingana na wa chuo.

Kuhusu intaneti, nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika pwani yetu tangu 2009, ila mwanafunzi wa Jomvu bado ananunua bando la siku kwa kubana matumizi. Kwa shule tulichagua Kolibri, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti: masomo hukaa kwenye kompyuta ndogo darasani, na tableti huyafungua kwa waifai ya hapo hapo.

Nilipopeleka bajeti nilitetea fungu moja kuliko yote, la matengenezo na posho za wakufunzi wasaidizi. Hewa ya chumvi ya pwani hula soketi na feni upesi, na kina mama wanaojibu SMS usiku wanahitaji mtu wa kusoma majibu yao. Kamati ilikata nusu ya tableti na kuliacha fungu hilo lilivyo. Nilikubali papo hapo, kwa kuwa tableti chache zinaweza kuzungushwa baina ya shule kwa zamu. Makadirio ya ile programu ya simu tuliyarudisha kwa aliyeyatoa, pamoja na barua ya shukrani.