Kiatu cha sendofu

Ukiangalia picha za shughuli zote za kwetu, kipaimara, ndoa, mpaka msiba, utamkuta baba kavua viatu. Kama hajavua basi kakanyaga kisigino kama ndala. Mguu wake wa kulia una nundu kubwa pembeni ya dole gumba, kiatu cha dukani namba 42 kinambana hapo, akichukua 44 kinapwaya nyuma anatembea anaburuza kama kafungwa mnyororo.

Sasa 2019 mdogo wangu anafanyiwa sendofu, ukumbi uko Sinza, mi ndo kifungua mimba nikasema liwalo na liwe safari hii mzee atavaa kiatu. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Ilala anayetengeneza mwenyewe kuanzia ngozi mpaka soli. Kwenye simu akaniambia tusije asubuhi, tuje mchana, mguu ukishinda kutwa unavimba kidogo na kiatu kinapimwa na mguu uliovimba. Baba alicheka kuanzia Mbagala mpaka tunashuka, eti huyu fundi au daktari.

Kufika, salamu, bei. Laki na themanini.

Jamani. Kariakoo kipindi kile elfu 35 unapata cheusi kinang'aa, na boksi juu. Baba akasimama kabisa. "Kijana wangu, mimi nimekuja kutafuta kiatu, sijaja kununua kiwanja." Fundi hata hakubishana, "Mzee kaa kwanza, kupima sikulipishi."

Akatandika manila chini, akamsimamisha baba na uzito wake wote, maana mguu ukibeba mwili unatanuka, akachora kwa peni kuzunguka mguu wa kulia na wa kushoto, kumbe havilingani! Akazungusha futikamba vidoleni, juu ya unyayo, kwenye kisigino. Alipofika kwenye nundu mkono ukatulia, akaibonyeza taratibu. "Inauma hapa au hapa?" Baba na mdomo wake wote ule akawa mpole. "Hapo." Mi na utu uzima wangu sijawahi kumwona akimpa mtu ule mguu aushike.

Halafu fundi akatoa kalibu ya plastiki, lile umbo la mguu ambalo kiatu kinashonewa juu yake, akaanza kubandika vipande vya ngozi ubavuni, anapima, anapunguza kwa tupa, anabandika tena, mpaka kalibu nayo ikaota nundu. Baba akaipokea akaigeuzageuza. "Huyu sasa ndo mimi."

Akatufunulia na ngozi. Ya mgongoni ndo imara, ya tumboni inavutika hovyo, ukikatia uso wa kiatu baada ya miezi kinakuwa kama soksi. Na katikati ya mgongo palepale pazuri kuna kovu la chapa, ng'ombe alichomwa chuma cha moto akiwa hai, hapo fundi kalipia na hawezi kupatumia. Ukitoa ngozi, soli, uzi na gundi, kwenye ile hela yake inabaki kama nusu, na ni kazi ya siku tano. Nikagawanya kichwani nikaona fundi rangi wa mtaani kwetu anamzidi. (Baadaye nilikuja kuona YouTube viatu vya hivi London ni zaidi ya paundi elfu 4, kalibu wanakuchongea ya mbao ya kwako peke yako. Baba sikumwonesha.) Hata hivyo mzee alikomaa mpaka ikashuka laki na sitini na tano, nikatoa laki ya kianzio.

Sendofu Jumamosi, kiatu tuliahidiwa Jumatano. Jumatano njoo kesho dada. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa jioni nimemfuata na mvua ile, nakuta viatu vimeshonwa lakini viko kwenye kalibu na hataki kuvitoa, ngozi aliilowesha ili ivutike lazima ikaukie humo humo, akitoa mapema umbo linalegea. Sawa, lakini alichelewa kuanza, hapo simtetei, nilimtolea maneno mpaka wa jirani wakafungua madirisha. Yeye anapuliza tu na feni.

Jumamosi saa nne asubuhi bodaboda huyo, viatu viko kwenye gazeti. Baba akavaa kimya, akatembea mpaka getini, akarudi, akaenda tena.

Ukumbini kuna muda MC anaita watu wakapeleke zawadi, nikainama kuokota kitambaa changu nikachungulia chini ya meza ya wazee. Vimevaliwa, kamba zimefungwa. Na juu ya meza namsikia anamwambia shemeji yake, kanyoosha mguu kwa pembeni, "Hiki cha kushona kwa mkono, laki mbili na nusu. Nilimwambia fundi asinipunguzie hata mia."